Merle Trewartha, Aliyekataa Kulishwa na Mtu Aliyesimama

Marehemu Merle Trewartha alikuwa na kanuni moja ya kazi: mzee halishwi na mtu aliyesimama. Anayelisha huketi, uso wake ulingane na uso wa anayelishwa, na kijiko cha pili hakiinuki mpaka cha kwanza kimemezwa. Kanuni hiyo aliishika miaka thelathini na minne, akaivunja jioni moja.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1941 katika shamba la ngano, maili sita kaskazini ya Pinders Well, Australia Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Hedley na Ivy Pascoe. Mwaka ule mvua ilichelewa hadi Juni, na baba yake alisema binti huyu amekuja na ukame, basi na ajifunze kungoja.

Alisoma katika shule ya Pinders Well hadi mwaka 1955, akatolewa akiwa na miaka kumi na minne ili amuuguze bibi yake aliyepooza kwa kiharusi. Bibi yule hakuweza kusema. Shangazi alipomlisha kwa kusimama, bibi aligeuza uso ukutani, na nyumba nzima ikaamini kwamba hataki tena kuishi. Merle alipindua ndoo ya maziwa, akaikalia, akainua kijiko. Bibi akafungua mdomo, na akaishi miaka minne zaidi. Cheti cha uhudumu wa wazee Merle alikipata mwaka 1983, akiwa mama wa watoto wawili, kwa kusafiri kila Jumanne hadi Port Pirie. Alikuwa akisema cheti kilimfundisha majina ya mambo aliyokwisha kuyajua kwenye ndoo.

Tarehe 24 Machi 1962 alifunga ndoa katika kanisa la Methodisti na Clem Trewartha, fundi wa mashine za kuvunia. Walijaliwa Janelle na Garth. Clem alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ndiye mwanamume pekee wilayani ambaye miaka yote amekula chakula kilichopoa, kwa sababu mkewe hakuruhusu mtu aanze kula kabla wote hawajaketi.

Mwaka 1974 mji ulijijengea makao ya wazee, ambayo mpaka leo huitwa Nyumba tu. Wakulima walitoa ngano, akina mama wa chama cha wanawake wakaoka keki, Clem akaezeka paa. Merle aliajiriwa wiki ya kwanza. Alipoona wahudumu wanazunguka meza na vijiko kama watu wanaomwagilia miche, alimwomba mumewe amtengenezee vigoda. Clem alitengeneza vinane kwa mbao kuukuu za banda la kukatia manyoya ya kondoo, na kwa miaka mingi hata mgeni aliyekuja kusalimia aliwekewa kigoda na kupewa kijiko.

Mwaka 2006 mji uliikabidhi Nyumba kwa kampuni ya mbali. Kura zilipigwa katika ukumbi, mikono ikanyooshwa, na wengi wa walionyoosha wamo katika ibada hii. Merle hakunyoosha. Meneja mpya alikuja na jedwali lililompa kila mzee dakika kumi na mbili za mlo. Lindsay Boord, aliyekata manyoya ya kondoo maisha yake yote na aliyekuwa akilishwa na Merle kila jioni, alimtazama meneja yule kwa upole.

“Kijana,” alimwambia, “mimi kondoo nilimmaliza kwa dakika tatu. Ila yeye hakutakiwa kumeza kitu.”

Meza nzima ilicheka. Meneja pia alicheka, na jedwali likabaki ukutani.

Mwezi Septemba 2008, wahudumu wawili waliugua siku moja na hakuna aliyeletwa kushika nafasi zao. Merle alibaki na wazee kumi na tisa na msaidizi mmoja. Jioni ile alisimama. Alimpa Lindsay vijiko vitatu vya viazi na mchuzi, akageukia mzee wa pili kabla hajamwona Lindsay akimeza. Lindsay alipaliwa. Chakula kiliingia mapafuni, na baada ya siku tano akafa kwa nimonia. Merle alishauriwa aandike kwamba mzee alikutwa katika hali hiyo. Alikataa. Aliandika alichofanya, kisha akaenda kwa binti wa Lindsay, akasimama barazani bila kuvua kofia.

“Baba yako nilimlisha nimesimama,” alimwambia. “Usikubali wakikuambia ni uzee.”

Mkaguzi alipouliza kilichorekebishwa, kampuni ilijibu kwamba fomu mpya imeanzishwa na vigoda vinane vimeondolewa, kwa kuwa vingeweza kumkwaza mtu. Idadi ya wahudumu haikubadilika. Merle aliacha kazi mwezi Novemba mwaka huohuo.

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Clem alimuuguza nyumbani hadi Februari 2022, nguvu zikamwishia, akampeleka Nyumba. Huko Merle aliwakuta wahudumu wageni, walioletwa na wakala kwa mkataba wa wiki chache, watu wema waliokuwa wakikimbia. Tume ya serikali ilikwisha kusikiliza kilio cha nchi nzima, na sheria ikaweka dakika za huduma kwa kila mzee. Dakika zilikuwapo kwenye karatasi. Watu wa kuzitimiza hawakupatikana, na walipopatikana hawakupata nyumba ya kupanga mjini. Wote walilisha wamesimama. Merle alifunga mdomo. Kwenye fomu waliandika: amekataa chakula.

Clem alikuja kila mchana na kigari chake cha kutembelea, ambacho kina kikalio, akakaa juu yake na kumlisha mkewe kwa saa nzima. Huo ndio ulikuwa mlo pekee wa Merle kwa siku. Tarehe 3 Agosti 2023 Clem alianguka, akavunjika nyonga. Alitibiwa mji mwingine, kisha akapewa kitanda katika makao yaliyo kilomita mia moja na arobaini kutoka hapa. Pinders Well palikuwa na vitanda vitupu sita, lakini hapakuwa na wahudumu wa kuvihudumia. Tangu hapo Merle aliishi kwa maziwa na supu alizovuta kwa mrija.

Janelle alimpigia mama yake simu kutoka Perth, akamsihi ale. “Mama, yule anayekulisha si adui yako. Ni msichana mwenye haraka tu.”

“Hata mimi nilikuwa mwanamke mwenye haraka tu,” Merle alimjibu. “Muulize Lindsay.”

Mwezi Machi mwaka huu alikuja Asmita Rokaya, mhudumu kutoka Nepali. Siku ya kwanza alimwomba afungue mdomo kidogo tu.

“Keti,” Merle alimwambia.

“Nikiketi, mama, kule kuna wengine kumi na saba hawatakula.”

“Najua, mwanangu. Nilikuwa wewe.”

Asmita aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo lililokatazwa, na Merle akala. Ikawa hivyo wiki saba. Wazee wa mwisho mezani walipata chakula baridi, na siku nyingine hawakupata. Familia zao zililalamika, tena kwa haki. Asmita alihamishiwa mji mwingine, na kijiko kikarudi juu.

Daktari alieleza habari ya mpira wa kulishia, unaopeleka chakula moja kwa moja tumboni. Merle, ambaye akili yake ilikuwa timamu hadi mwisho, alitikisa kichwa. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, saa tisa alasiri. Cheti cha kifo kimeandika Parkinson. Nyumba inafungwa Septemba. Mkutano umeitishwa kujadili mustakabali wa huduma ya wazee wilayani, na hakuna anayejua wazee wenyewe watapelekwa wapi.

Ameacha mume, Clem, ambaye hayupo hapa kwa sababu hakupatikana mhudumu wa kusafiri naye, binti, Janelle, mwana, Garth, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Bwana ampe Merle pumziko na amani ambavyo mji wake ulishindwa kumpa.

Aliingia Nyumba akiwa na kilo hamsini na nane. Anazikwa akiwa na kilo thelathini na sita.