Matete Yaliyobaki Bondeni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Chuo, Mzee Johana Kipkosgei, Bwana Mkuu wa Chuo, Mchungaji wetu, machifu mliotoka Silibwet na Chebunyo, wazazi mliotembea tangu alfajiri, walimu wenzangu, na ninyi vijana ambao kuanzia leo mtaitwa walimu: hamjambo nyote?

Nimeombwa niage kwa maneno machache, na mtu anayestaafu hutegemewa maneno yake yawe matamu. Yangu yana ukali kidogo. Nivumilieni, maana nami nimewavumilia ninyi tangu nilipovuka mpaka kutoka Kisii, wakati ambapo wazee wa kwetu na wa kwenu walikuwa bado wanakumbushana ng'ombe walioibiana.

Tazameni kiwanja hiki. Kimenyolewa kama kichwa cha mtoto anayeanza shule. Ni pale bondeni tu, nyuma ya bweni, ambapo matete yamesimama, na kando yake amesimama kijana mmoja mwenye koti la chuo. Najua mmejiuliza kwa nini, kwa sababu Mwenyekiti aliuliza kabla hata hajashuka garini: "Na kile kichaka mmekiacha cha nini?"

Mzee Johana, nilikuwa nakusubiri uulize.

Kila mwaka nimewatembeza vijana hawa asubuhi, kabla ya kengele, kuwatazama ndege wa chuo. Wameniita Mwalimu Ndege. Nimesikia, sina neno. Mwezi wa tatu, mvua kubwa zikikaribia, nimewaonyesha mbayuwayu wakijipanga juu ya waya, tayari kurudi kwao Ulaya. Mwezi wa saba, baridi ikiuma na mvua ya mawe ikipiga majani ya chai, nimewaonyesha kwarara wakichokoa minyoo kwenye uwanja wa mpira, wakipiga kelele kuliko timu zote mbili. Mwezi wa kumi na moja huja korongo weupe, wanaokula viwavi na panzi mashambani mpaka mkulima anashangaa nani amemsaidia. Na bondeni, majira yote, wapo korongo wetu wenye taji, dume na jike, ambao Wakipsigis huwaita kong'ony.

Katika mtihani niliuliza: ndege wana faida gani, na tuwatunzeje? Mlijibu vizuri mno! Mmoja wenu aliandika kurasa tatu kuhusu kutovuruga viota. Nikafurahi, nikawapa alama. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi, kwa kuwa mkaguzi alikuwa anakuja, mlichukua slasha, mkashuka bondeni, mkafyeka kiota pamoja na mayai. Aliyetangulia mbele, akiimba, ni yule wa kurasa tatu.

Niambieni, nifundishe namna gani tena? Kwa ngoma?

Ni desturi yetu hii. Mgeni akitajwa, tunakata nyasi. Mwanafunzi akichelewa, akate nyasi. Akicheka kanisani, akate nyasi. Tumefika mahali ambapo kitu chochote kilichosimama chenyewe tunakiona ni aibu mbele ya wageni.

Korongo wale hawakuhama. Walijenga upya, jike akataga mara ya pili. Na wiki iliyopita, kwa ajili ya sherehe hii, amri ikatoka tena: bonde lifyekwe. Mwalimu Phelix, aliyekuwa wa zamu, yupo hapa, atanisahihisha nikikosea. Alimkuta kijana Chepyegon amesimama, slasha iko chini.

"Wewe, mbona umepumzika? Umekuwa mgeni wa heshima?"

"Zote nimekata, mwalimu. Zilizobaki ni za mama."

"Mama yupi?"

"Yule aliyelalia mayai."

Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Kumbe siku hizi ndege ndiye mwalimu wa zamu!" akasema Mwalimu Phelix.

"Sikatai kazi, mwalimu. Nipe vyoo nioshe, nipe kuni nipasue. Lakini kong'ony ni mnyama wa ukoo wetu. Nyumba yake siivunji, na nikiwa hapa haivunji mtu yeyote."

Mwalimu Phelix aliandika utovu wa nidhamu, kama sheria inavyosema. Halmashauri ikaamua kwamba Chepyegon asipewe cheti leo, na huenda asipewe kabisa. Mchungaji akaongeza kwamba Mkristo hana haja ya mnyama wa ukoo. Mchungaji, kwa heshima: kama ukoo wake umemfundisha kwa neno moja jambo ambalo mimi nimeshindwa kuwafundisha wengine kwa miaka yote hii, tutamlaumu yeye au tutanilaumu mimi? Mnatafuta mwalimu wa kuwapeleka watoto wenu kule Mulot, mahali ambapo hakuna mkubwa wa kumsimamia. Mtampeleka yupi? Yule wa kurasa tatu?

Mzee Johana, wewe ni mtu wa hapa. Unajua nyumbani kwa mama yako ni mnyama gani asiyeguswa. Sitakuuliza mbele za watu.

Mmenipa zawadi ya saa ya ukutani, nzuri sana, na mke wangu Yunia ameshachagua ukuta. Nashukuru. Lakini vyeti vya wenzake Chepyegon vimegawiwa vyote, na mezani pako, chini ya kofia yako, imebaki karatasi moja. Mwenyewe ndiye yule mnayemwona kando ya matete, hawezi kuja kuichukua. Akiondoka pale, madereva watashusha magari bondeni wakayaoshe, na yule jike hatarudi kwenye mayai. Litaje jina lake tu. Upepo unaelekea huko, atasikia. Karatasi nitampelekea mimi, kwa miguu yangu.

Ahsanteni kwa masikio yenu. Kusema nimemaliza. Kuketi bado: nimesimama hapa, Mzee Johana, nangoja uinue kofia.