Mwajiri wa Watu Arobaini na Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Bi. Lâm Thị Thoa anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye dawati la mihuri la ofisi ya kata yetu, hapa delta ya Mekong. Katika miaka yote hiyo hakuna fomu yenye kasoro iliyopita dirishani kwake. Mumewe mwenyewe alirudishwa mara tatu na fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wao kwa sababu aliijaza kwa wino mweusi. Mara ya nne alikuja na kalamu ya bluu, na chakula cha mchana.

Mwaka 2021, ugonjwa ulipofunga mji, serikali ilitangaza msaada kwa waliojiajiri. Waraka ulisema wazi kwamba msaada ni wa wasio na mwajiri. Fomu nayo ilitaka saini ya mwajiri, na mwombaji haruhusiwi kujisainia. Ofisi yetu ilifuata vyote viwili kwa uaminifu, hivyo wiki ya kwanza hakuna aliyepata.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mzee Khải, muuza tiketi za bahati nasibu.

“Dada Thoa, miaka ishirini natembeza tiketi. Mwajiri wangu ni hizi ndala. Zisaini?”

“Ndala hazina kitambulisho, Mzee. Hiyo ni kasoro.”

Kisha akachukua kalamu ya bluu, akasaini yeye mwenyewe kama mwajiri, akagonga muhuri.

Foleni nzima iliona. “Shangazi, na mimi niajiri!” akapaza sauti Diễm, msusi wa majumbani. “Mshahara usikusumbue, nimeshazoea kutolipwa!”

Hadi jioni alikuwa ameajiri watu arobaini na mmoja. Mtumishi wa umma haruhusiwi kuajiri hata mmoja. Angeweza kufukuzwa, pensheni ikiwa imebaki miaka miwili tu.

Orodha ya waombaji ilibandikwa ukutani siku tano, kama desturi, ili mwenye pingamizi aseme. Kata hii hupinga hata rangi ya ukuta wa jirani, lakini safari hii kila mtu alisoma na kwenda zake. Aliyeshangaa ni mkaguzi kutoka wilayani.

Alizikagua fomu siku mbili. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi, hakuna muhuri uliofifia. Akaandika kwamba fomu ni halali, ila Bi. Thoa ameajiri bila kibali. Apewe onyo, na awaachishe kazi wote mara moja.

Bi. Thoa alitii siku hiyohiyo. Aliandika barua arobaini na moja za kuachishwa kazi, kwa wino wa bluu. Wiki iliyofuata tulisomewa waraka wa awamu ya pili ya msaada, ambao kiambatisho chake cha lazima kilikuwa barua ya kuachishwa kazi. Kama alijua mapema hatuwezi kusema. Tunachojua ni kwamba barua zote za wilayani hufunguliwa kwanza mezani kwake.

Mwenyekiti wa kata ameelekeza itajwe hapa kwamba jambo hilo halitarudiwa. Limetajwa.

Kuanzia Jumatatu Bi. Thoa atauza uji wa samaki langoni mwa soko, peke yake, bila bosi. Asante kwa yote, Shangazi. Afya iwe nawe, sufuria iishe mapema kila asubuhi. Na mji ukifungwa tena, lete fomu yako dirishani. Pale kwenye saini ya mwajiri paache wazi. Kalamu ya bluu uliyoniachia pamoja na dawati lako bado ina wino.