Fundi Dansou na Wanaokaa Nyuma

Tarehe 31 Julai, Fundi Hounkpè Dansou anatundika spana baada ya kuitumikia karakana yetu ya pikipiki hapa Gbégamey, Cotonou, kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimetazamana kwa muda mrefu. Hakuna aliyeniuliza kama nilifurahia kumtazama.

Alianza kwa kuziba pancha. Baadaye akahamia shokapu za nyuma, na hapo nyota yake ikang'aa, yangu ikaanza kufifia. Mafundi wengi wa mji huu, nami nikiwemo, tulichagua springi kwa kumwangalia mwenye pikipiki: akiwa mnene, springi ngumu, akiwa mwembamba, springi laini. Dansou akaja na lake, kwamba wa kupimwa kwanza ni anayekaa nyuma, kwa sababu uzito wake karibu wote unaliangukia gurudumu la nyuma. Springi ikiwa laini mno, pikipiki inakaa chini kwa nyuma na usukani unapwaya. Ikiwa ngumu mno, kila shimo linampiga abiria kiunoni.

Basi hafungi shokapu mpaka mume aje na mkewe na mzigo wao wa siku zote, iwe ni mtoto mgongoni, beseni la nyanya au mbuzi wa sherehe. Wakishapanda, yeye huchuchumaa nyuma na kuanza mzaha. Anadai abiria akinyamaza hujikaza na springi hudanganya, lakini akicheka mwili hulegea na uzito wote hushuka. Kwa hiyo mwenzetu huyu alilipwa mshahara kuwachekesha wake za watu mchana kweupe.

"Mama, huyu mumeo anakupeleka sokoni au wewe unampeleka polisi? Mbona umemkamata hivyo?"

Mama hucheka, springi huzama, Dansou hukaza kidogo, na mteja wangu mwingine huwa amekwenda na maji. Nilijaribu mbinu hiyo kwa mke wa mchungaji mmoja. Hakucheka mtu, na mchungaji akaomba kumwona bosi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: madereva wa teksi za pikipiki walimfuata kutoka hata Porto-Novo. Mimi nilibaki nikifuta spana ambazo tayari zilikuwa safi. Mtu akisogea mezani kwangu, ilikuwa kuuliza, "Samahani kaka, Dansou karudi?" Nilimwonea wivu, tena wivu wa kuninyima usingizi, na yeye anajua.

Kilichonikata maini zaidi kilitokea nyumbani. Kwenye pikipiki yangu nilifunga shokapu ngumu kuliko zote, mtu asije akasema fundi mzima anapanda godoro. Mke wangu Ablawa alivumilia mpaka tulipokuwa tunakwenda kwenye sherehe za ukoo wao Abomey. Tulipofika Allada akashuka, akajishika kiuno, akasimamisha teksi ya gari. Tangu siku hiyo tulisafiri hivyo, yeye ndani ya teksi, mimi nyuma yake na kiti kitupu, tumevaa kitambaa cha sare. Wakwe wakaanza kuuliza kama tumeachana. Nami nikaanza kuogopa kwamba Ablawa atazoea.

"Nenda kwa Dansou," akaniambia.

"Ablawa, mimi ni fundi."

"Na mimi nina kiuno. Huendi, nakwenda mwenyewe."

Kinyozi hajinyoi. Tukaenda. Dansou akatupandisha mbele ya karakana nzima, akachungulia chini ya kiti, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hizi kafunga mumeo au adui yake?"

Mke wangu alicheka mpaka akaniegemea. Sikukumbuka ni lini nilimchekesha hivyo, na nilitamani jeki imwangukie Dansou mguuni. Akafungua shokapu zangu, akachagua zenye springi laini zaidi na zisizorudi juu kwa kishindo, akatupandisha tena.

"Haya, sasa mchekeshe wewe, nione."

Watu wote walikuwa wanatutazama. Mzaha haukuja. Nikamwambia Ablawa nimechoka kusafiri na kiti kitupu. Hakucheka. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, na springi zikashuka taratibu.

"Imetosha," Dansou akasema, akaenda kunawa mikono.

Fundi Dansou, karakana yote inakushukuru kwa kazi, kwa mafundi uliowafunza, na kwa viuno vya mji huu. Nenda kwa wajukuu zako Ouidah, ule ugali wa akassa na samaki wa moto, upumzike. Wateja wako tutawatunza, hata wale watakaoendelea kukuulizia.

Mwezi huu Ablawa na mimi tumekwenda Abomey na kurudi kwenye pikipiki moja. Njiani alicheka peke yake, nikamuuliza anacheka nini. Akasema amekumbuka maneno yako. Mungu akupe umri mrefu, Fundi, lakini uishi hukohuko Ouidah.