Tupokigwe Mwalusamba, Aliyemhoji Mkwewe Nyuma ya Ukuta

Tunayemzika leo, Tupokigwe Alinanuswe Mwalusamba, aliona jua kwa mara ya kwanza pale Ibighi, Tukuyu, tarehe 12 Mei 1957. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hilo jua tunalitaja kwa heshima tu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu mzee Alinanuswe, fundi cherehani, na mama Tulia, ambaye yuko nasi hapa.

Tusidanganyane msibani: marehemu alikuwa mwoga. Aliogopa radi, bata mzinga na sauti ya mlango ukigongwa. Mama yake anasema akitumwa dukani jioni alikuwa anakimbia kwenda na kukimbia kurudi, na chumvi nusu inabaki njiani. Lakini chumvi ilifika. Hilo nalo lisemwe.

Alisoma shule ya msingi pale Tukuyu kuanzia 1965 hadi 1971, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Mbeya, akamaliza kidato cha sita mwaka 1977. Akiwa sekondari, mwalimu wa jiografia aliwapeleka kuangalia Daraja la Mungu, ule mwamba uliovuka mto kule Kiwira. Wenzake walivuka wakiimba. Yeye alivuka kwa kutambaa, sketi imejaa tope, macho ameyafumba. Walipofika upande wa pili mwalimu akauliza nani anaweza kuchora alichokiona. Wenzake wote walikuwa wameona maji. Yeye aliyefumba macho alichora njia za watu zinazofika pale darajani na mashamba zinakotokea. Mwalimu akamwambia, "Wewe hukuona mto hata kidogo." Akajibu, "Mto niliuogopa, mwalimu. Kabla sijafumba macho niliangalia watu wanapitaje."

Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa na stashahada ya ualimu alifundisha kidogo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kupata shahada ya kwanza mwaka 1985. Aliporudi alipangiwa sekondari moja ya wilaya yetu, akafundisha jiografia mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani. Sisi wengine tulioishia darasa la saba tulimuuliza jiografia ya nini, milima si tunaiona? Alituambia yeye hasomi milima, anasoma watu: kwa nini wanakaa wanapokaa, kwa nini wanahama, na shamba linabaki na nani. Tulicheka. Baadaye hatukucheka.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa katika kanisa la Moraviani na Andrea Hezron Mwasyeba wa Isongole, karani wa ushirika, kijana mwenye maneno matamu na kalamu mbili mfukoni. Mimba mbili ziliharibika. Mwaka 1988 walimpata Esnath. Mwaka 1990 ushirika ulipunguza watu, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na Andrea akabaki na kalamu zake. Mwaka uliofuata alivuka mpaka wa Tunduma na wafanyabiashara wa mitumba. Barua moja ilitoka Lusaka, nyingine Afrika Kusini. Kisha kimya. Tangu hapo marehemu aliishi na swali ambalo hakulisema mezani: yeye na binti yake ni watu wa wapi? Ibighi alishaolewa akatoka. Isongole aliyemleta hayupo, na shemeji yake Ezron alikuwa tayari ameanza kusema kipande cha shamba cha Andrea kimelala bure wakati viazi vina bei.

Mwaka 1993 alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Serikali ilikuwa imeshaanza kusema kila mtu achangie masomo yake, na fedha ya utafiti aliyopewa ilitosha nauli na karatasi. Kwa hiyo akachagua kufanyia utafiti Isongole, alale bure yeye na Esnath kwa wifi yake Sekela, dada wa Andrea. Mada yake ilikuwa vijana wanaohama na ardhi wanayoiacha. Hapo ndipo alipojikwaa, na ni kujikwaa ambako mtu wa mbali asingekujua. Mwanamke wa kwetu huwa hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja; akisikia kikohozi chake njiani anajibanza kwenye mahindi. Na baba mkwe si mmoja. Kaka zake na wazee wa rika lake ni wakwe vilevile. Jambo hili linaitwa ukutila, na maana yake ni kuogopa, wala halina jina lingine la kulipamba. Mwalimu mzima alikwenda kuhoji wakuu wa kaya mahali ambapo nusu ya wakuu wa kaya hatakiwi kuwaona.

Alifika Julai 1994, baridi ikiwa inakata masikio. Majina ya kaya yaliwekwa kwenye kikapu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na marehemu akachota za kuhoji kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ya tano ilikuwa ya Mzee Hezron Mwasyeba, baba yake Andrea. Aliikunjua, akaikunja, akakaa chini.

Chuoni alikuwa na mwenzake, Veronika, aliyemwandikia, "Shoga, hiyo kaya ijaze mwenyewe. Nani atatoka Dar kuja kuhesabu viazi vya mkweo?" Wengi walifanya hivyo, tusijifanye hatujui. Lakini kanuni ya msimamizi wake ilikuwa kwamba kaya iliyochotwa hairukwi wala haibadilishwi, na marehemu aliogopa uongo zaidi ya alivyoogopa bata mzinga.

Wanakijiji nao walimwogopa. Mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani analala wapi na nani kaondoka, unadhani watu watasema nini? Walisema ni mumiani, anatafuta damu. Wengine walisema ametumwa kupima mashamba yauzwe, kama ilivyokuwa inasemwa kuhusu mashamba ya chai. Mama mmoja alimfungulia mlango akiwa na panga mkononi.

"Unaandika shamba langu umpe nani?"

"Simpi mtu, mama. Nataka kujua watoto wako wako wapi."

"Ndiyo hilo sasa! Watoto wangu wa nini?"

Alihojiwa yeye kabla hajahoji. Kila jioni alirudi kwa Sekela, na kila asubuhi alitoka tena.

Kwa wakwe wadogo alijaribu njia moja, ikafanya kazi: mzee anakaa ndani, yeye anakaa nje nyuma ya ukuta, kajifunika khanga mpaka puani, na Sekela anasimama mlangoni kubeba maneno. Siku ya Mzee Hezron wakafanya hivyohivyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo marehemu hakula. Alimwambia Sekela, "Wifi, nikikosea nikatamka neno akalisikia kama namwambia yeye, itakuwaje kwa Esnath?" Maana iliaminika, na wengine hapa mnaamini, kwamba ukutila ukivunjwa anayelipa ni tumbo la mkwe wa kike au mtoto wake. Na yeye mtoto alikuwa na mmoja tu.

Ezron alikuja akakaa ndani na baba yake, hakuitwa. Watoto wa jirani walijaa uani.

"Wifi, muulize baba kaya hii ina watu wangapi."

"Baba, mnaulizwa mko wangapi."

Mzee alianzia kwa babu yake, akateremka polepole, akapita kwenye njaa na vita, akafika kwa wajukuu. Sekela akageukia nje.

"Anasema saba."

"Sekela! Mzee amesema mpaka uji umepoa, wewe unaniletea saba?"

"Wengine ni marehemu, wifi. Marehemu wanakula viazi?"

Watoto walicheka, hata mzee alisikika akicheka. Ilikuwa mara ya mwisho siku hiyo kwa mtu kucheka. Maswali yalikwenda hadi likafika lile alilolitunga mwenyewe chuoni, kwa kaya zote, kabla hajajua kikapu kitamtendea nini: kati ya waliohama, ni nani hawamtarajii arudi, na sehemu yake ya ardhi itakuwa ya nani?

Angeweza kuliruka. Sekela alimwona ameweka kidole kwenye karatasi. Alipolisema, alilisema kwa sauti ndogo hata Sekela akamwomba arudie. Jibu likiwa baya, yeye na Esnath hawana pa kwenda, na atakuwa amelitafuta mwenyewe kwa kalamu.

Sekela alilipeleka neno. Ezron akakohoa, akaanza, "Mimi naona..."

"Mma, hapana! Hujaulizwa." Mzee alisogeza kigoda mpaka kikagusa ukuta. "Sekela, toka mlangoni."

"Taata, maswali bado—"

"Toka." Kisha akasema na ukuta, na aliyekuwa nyuma ya ukuta akajua ni yeye. "Gwe, wewe mwana wa Mwalusamba. Andrea harudi. Mimi ni baba yake na ninasema harudi. Kipande chake, kuanzia kijitoni mpaka kwenye mikaratusi, ni chako na mtoto. Ezron, umesikia?"

"Nimesikia, taata."

"Basi andika, mwanangu."

Hakuandika. Alijifunika kichwa kizima, akaruka matuta ya viazi akikimbia kama nyumba inaungua, na makaratasi yakabaki yanapepea uani watoto wakiyakimbiza. Neno alilokuwa analiombea usiku na mchana alilipata, akalikimbia, kwa sababu lilitoka katika kinywa ambacho hakikutakiwa kusema naye.

Siku ya pili Esnath alishikwa na homa. Kifua kilikuwa kinavuta, macho yamegeuka. Alimbeba mgongoni akateremka naye hadi alipopata gari la viazi, akafika hospitali Tukuyu hana kiatu kimoja. Daktari alisema ni nimonia. Marehemu alikuwa na neno lake jingine, hakulitamka. Alikaa chini kando ya kitanda cha mtoto akiwa ameshika mguu wake, akiomba asamehewe kwa swali. Sekela alifika na ujumbe wa mzee, akausema wodini mbele ya wagonjwa: "Baba anasema kama kuna wa kuadhibiwa ni yeye aliyefungua mdomo. Wewe uliuliza ukuta." Esnath alipona. Yupo pale mbele, amevaa sweta ya bluu. Lakini mama yake hakupona ile hofu. Mpaka amekufa, mtoto akikohoa tu alikuwa anaangalia upande wa Isongole.

Alirudi kumalizia kaya zilizobaki. Shahada yake ya uzamili alitunukiwa mwaka 1996. Tunaambiwa katika usaili mwalimu mmoja alimuuliza ni utafiti gani huo wa kusemeshana kwa ukuta. Akajibu, "Mimi ni mkwe kule. Ukuta ule nimeukuta." Wakampitisha.

Kile kipande alikilima. Kila likizo alipanda viazi na mahindi, na Ezron alinyamaza kwa sababu alikuwa amesikia kwa masikio yake. Mzee Hezron akipita barabara ya juu, marehemu aliinama mahindini mpaka apite. Ardhi alipewa, ukutila haukufutwa. Hawakusemeshana tena.

Mwaka jana alianza kuumwa. Uvimbe wa titi aliuficha miezi mingi, na aliyemfichua ni rafiki yake Hadijah, muuza vitenge wa sokoni Tukuyu, aliyemwona anavaa gauni kwa shida.

"Umesoma dunia nzima, chumba cha daktari unakiogopa?"

"Chumba sikiogopi, Hadijah. Naogopa atakachosema."

"Basi nitasikia mimi kwa niaba yako. Vaa."

Hadijah alimpeleka Mbeya, akamsindikiza mpaka Dar es Salaam, akafunga duka lake kwa hilo. Mungu amlipe. Ilikuwa imechelewa. Marehemu hakuwa jasiri mwishoni, msije mkaambiwa hivyo na mtu. Aliomba taa isizimwe na mkono usiachwe. Taa haikuzimwa, na mkono haukuachwa. Alifariki nyumbani kwa mama yake Ibighi, Ijumaa tarehe 3 Agosti 2001, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na minne.

Juzi kwenye kikao Ezron alisema mwanamke ambaye mume wake hajulikani alipo azikwe kwao Ibighi. Esnath alitoka nje akajifungia chooni, kwa sababu mama akizikwa Ibighi, mtoto naye anafuata, na shamba linafuata njia nyingine. Mzee Hezron, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa, alisema maneno machache: "Nilimpa ardhi. Kaburi ni ardhi." Ndiyo maana mmepanda mpaka huku Isongole na baridi hii.

Marehemu ameacha mama yake mzazi Tulia. Binti yake Esnath, miaka kumi na mitatu, wa hapa hapa. Wadogo zake wawili. Wifi yake Sekela na shemeji yake Ezron. Rafiki yake Hadijah. Wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja. Na mume, Andrea, ambaye popote alipo hajui kwamba ni mgane.

Ameacha pia baba mkwe. Mzee Hezron ameomba kwamba kabla sanduku halijafungwa asogezwe amwone uso mkwewe, kwa kuwa miaka kumi na mitano hajawahi kuuona. Wazee wengine wamemkataza. Sisi wanawake wa nyumba hii tunaogopa, tena tunaogopa sana, na Esnath tumemshika mikono. Lakini mzee ameshasimama. Mnaotaka kugeuka, geukeni sasa. Sanduku linafunuliwa.

Mungu ampumzishe Tupokigwe mahali ambapo hakuna wa kumwogopa.