Mama Kasoki Virginie na Mti wa Mbele wa Tipoyi

Ndugu, majirani, wakristo wenzetu, na wewe Papa Zéphyrin uliyewekewa kiti cha mbele bila kukiomba, familia inawasomea maisha ya Mama Kasoki Virginie, na inaomba kila mtu abaki alipo mpaka neno la mwisho.

Mama Kasoki alizaliwa Pinga, teritware ya Walikale, tarehe 14 Aprili 1971, binti wa mwenye duka aliyetoka Butembo, akakua akila mkate kila asubuhi huku wapagazi wa baba yake wakishinda njaa, jambo ambalo, alikuwa akisema, lilimkaa kooni siku zote.

Alisoma shule ya msingi Pinga na sekondari Butembo, akapata diplome mwaka 1991, akaanza kufundisha Masisi Septemba 1992, na tarehe 22 Julai 1995 akafunga ndoa na Papa Hubert, mkulima wa hapa Kingi, wakajaliwa watoto watatu, Mapendo, Bénédicte na Kasika, hawa mnaowaona na macho mekundu.

Tangu 2009 aliongoza vijana wa kanisa, wala hakuwachosha na mahubiri juu ya huruma: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kila mtoto wa mwenye duka katika kundi lake alishinda kwa jamaa waliokimbia vita, akateka nao maji, akabeba nao kuni, akala walichokula, na kama hawakula, naye hakula, halafu kesho yake baada ya misa wakaulizana kwa nini mambo yako hivyo. Mmoja wao, Colette, binti wa Papa Zéphyrin mwenye duka kubwa hapa kwetu, alimwuliza baba yake mezani kwa nini wanaobeba magunia yake wanalala njaa, na baba, badala ya kumjibu mtoto, akaenda kwa wakubwa wa kanisa kusema huyu mama anachochea watoto, na Februari 2025 Mama akanyang'anywa kundi lake. Hatujasahau, na hatuna haraka ya kusahau.

Asubuhi ya tarehe 8 Septemba 2025 tumbo lilimkaza, Papa Hubert akakimbia kumwomba Papa Zéphyrin camionnette, gari lake dogo la mizigo, iliyosimama tupu mbele ya duka lake, na jibu lake tulilisikia wengi: "Gari yangu haibebake muchochezi, muende na miguu." Tulienda na miguu. Vijana walewale walimbeba kwenye tipoyi, machela yetu ya miti na blanketi, Colette akiwa ameshika mti wa mbele, tukafika hospitali jioni, madaktari wakampasua, wakatuambia tumechelewa, akafariki Alhamisi tarehe 11.

Kabla ya kukata roho alimwambia Mapendo, "Musimuchukie, mumufundishe." La kwanza limetushinda, tunalisema mbele ya mwili wake, lakini la pili tutalitimiza leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nje pamoja nasi, walimu wenzake, na vijana ambao mabega yao bado yanauma.

Jeneza zuri ulilolileta, Papa Zéphyrin, litabaki ndani ya gari lako, kwa sababu gari hilo halibebi wachochezi. Mama atapanda mlima hadi kaburini kwa tipoyi ileile, Colette ameshika mti wa mbele wa kushoto, wa kulia tumeuacha bila mtu, na hatutaondoka hapa mpaka utakaposimama kuushika.

Wewe, Mama Kasoki, pumzika kwa amani. Leo ni Jumamosi, tutafundisha sisi.