Kavinya Hajachanjwa: Miaka Ishirini na Tisa ya Mzee Mwandawiro

Mzee Mwandawiro amefanya kazi kwenye ofisi yetu ya rekodi za kliniki hapa Voi miaka ishirini na tisa, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, anastaafu. Wenzangu wamesema niandike mimi, Mama Shanice wa usafi na chai. Shule yangu iliishia darasa la tano, lakini habari ya Mzee naijua kwa sababu ilinifikia nyumbani.

Alianza wakati rekodi ni kadi zimefungwa kwa kamba. Zikaja kompyuta, akajifunza kidole kimoja kimoja, mpaka yeye ndiye akawa wa kuzijaribu.

Alijaribu hivi. Alibuni watu thelathini ambao hawako duniani, akawapa majina, kijiji na mbuzi, halafu majibu: huyu amechanjwa, ndiyo, yule hapana, yule haijulikani. Aliyaandika kwa daftari, kisha akawapitisha watu wake kwenye kila kompyuta aone kama watatoka na majibu yale yale. Nikipiga deki jioni niliwaona kwenye kioo cha kompyuta, Nzau, Syokau, Kavinya, nikawa nawawaza kama majirani wa mahali fulani nyuma ya vilima vya Mbololo, pasipo na jua kali. Musyimi, mkubwa wa kompyuta, alimtania: hao watu wako, Mzee, wanakula nini? Mzee akamjibu hawali, ila pia hawadanganyi.

Shida ni kwamba kompyuta hazisemi ndiyo kwa namna moja. Ile ya zamani iliandika moja kwa ndiyo na sifuri kwa hapana. Ile ya kliniki ya Mbololo inaandika kweli na si kweli. Mwaka juzi ikaja mpya, na majina yote yakahamishiwa humo pamoja na wale thelathini. Tukaiomba orodha ya watoto wa Kishushe ambao hawajachanjwa surua, ili gari la kliniki liwafuate. Ikatoa karatasi tupu, maana yake wote wamechanjwa. Ofisi ilifurahi, nikapika chai ya maziwa mengi. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana Shanice wangu alikuwa kwa nyanya yake huko Kishushe, simu haishiki wiki mbili, na usingizi ulikuwa umenipotea nikiwaza kama alipelekwa kuchanjwa.

Mzee hakunywa chai. Aliuliza Kavinya yuko wapi. Kavinya ni mtoto wake wa kubuni, wa Kishushe, na kwa daftari hajachanjwa. Jina lake lilitakiwa kuwa kwa ile karatasi. Musyimi akasema gari limeshapangiwa kwingine, hawezi kuligeuza kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mzee akavuta kiti.

Siku mbili alishinda pale. Akagundua kompyuta mpya ikiona kitu chochote kimeandikwa, hata hiyo sifuri, inachukua ni ndiyo. Akaweka utaratibu tunaoufuata mpaka leo: kila jibu lielezwe kwanza kwa namna ya kompyuta inayolipokea, na pasipojulikana paachwe wazi, mtu asijaze hapana kwa kukisia. Kavinya akatoka hapana. Nyuma yake wakatoka watoto arobaini na watatu wa kweli. Wa tisa alikuwa Shanice.

Gari lilipanda Kishushe Alhamisi. Mwezi uliofuata surua ikapita kule. Shanice sasa yuko gredi ya pili, na Kavinya hamjui. Mimi bado namwona amesimama kwa lile vumbi jekundu na mbuzi wake, hakui, anangoja gari ambalo halitamfikia, ili wengine wafikiwe.

Mzee wetu, asante. Umetufundisha kutofurahia karatasi tupu haraka. Jana Musyimi mwenyewe ameongeza mtu wa thelathini na moja kwenye daftari lako: Mwandawiro, wa Mbololo, yuko kazini, ndiyo. Tumempitisha kwenye kompyuta zote tatu, na zote zimejibu sawa. Kwa hivyo nenda nyumbani na moyo mweupe, mvua ikukute umeshapanda, na afya isikuache. Ukikosekana hapa, tutauliza mashine.