Zdenka Brandt, Aliyeitika kwa Niaba ya Mdogo Wake

Padre Kubicek, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Hradek na wenzetu wa mahakama ya Kaunti ya Dorrance, mimi ni Harlan Brandt, mume wa marehemu. Familia ilimpanga binti yetu Adela asome maneno haya, lakini nimeomba niyasome mwenyewe, kwa kuwa ipo sehemu ambayo katika familia nilikuwepo peke yangu, na ningependa isimuliwe kwa usahihi.

Marehemu Zdenka Marie Brandt alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Mei 1958, katika shamba la wazazi wake, maili nne kaskazini mwa mji huu, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati Vaclav na hayati Agnes Sedlacek. Kwa miaka mitano alikuwa mtoto wa pekee, hadi tarehe 19 Agosti 1963 alipozaliwa mdogo wake, Leonard, na kwa kuwa mama yao aliugua muda mrefu baada ya uzazi huo, marehemu, akiwa mtoto wa miaka mitano, ndiye aliyembeba, akamlisha na kumbembeleza kwa Kicheki alichookota kwa bibi yake, akimwita Lenny, jina ambalo hakuliacha hata mdogo wake alipoota mvi.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa Hradek, akahitimu Mei 1976, kisha akaenda Lincoln kujifunza uandishi wa hati mkato wa mahakamani, akamaliza Juni 1978 akiwa na uwezo wa kupiga maneno mia mbili na arobaini kwa dakika. Mimi nilikuwa chuo kikuu hukohuko Lincoln nikisomea elimu ya udongo, ambayo baadaye ndiyo ikawa kazi yangu, tukakutana kwenye dansi ya polka Februari 1979, ambako aliniambia kwamba nacheza kama mtu anayepima kiwanja. Tulifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 20 Juni 1981, tukajaliwa watoto wawili, Adela aliyezaliwa mwaka 1983 na Martin aliyezaliwa mwaka 1986, na wajukuu watatu.

Tarehe 14 Machi 1985 baba yake, Mzee Vaclav, aliitwa mahakamani kwa ajili ya deni la shamba lake, kama walivyoitwa wengi wenu mnaonisikiliza. Marehemu alikuwepo, Leonard alikuwepo, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Jaji wa wakati ule alimuuliza mzee kama yeye ndiye Vaclav Sedlacek, mzee akavua kofia, akajibu kwamba ndiye, na dakika kumi baadaye amri ilikuwa imetiwa sahihi, shamba likapigwa mnada mwezi uliofuata, na mzee hakumaliza miaka miwili.

Nalitaja jambo hili kwa sababu watoto wawili waliliona kwa macho yaleyale wakaondoka na mawazo mawili. Marehemu aliona kwamba baba yake alishindwa kesi, ila hakuna aliyeandika vizuri alichosema siku ile, na tarehe 1 Septemba 1988 aliomba kazi katika mahakama ileile, akawa mwandishi wa mwenendo wa kesi kwa miaka ishirini na saba. Leonard aliona kwamba mzee alipoteza shamba kwa sababu aliitika. Majira ya baridi ya mwaka ule wa mnada alikuja bwana mmoja mgeni, akafanya mikutano katika jengo la zimamoto, akawafundisha watu waliokuwa na majonzi kwamba jina lililoandikwa kwenye hati za serikali si mtu bali ni kivuli cha mtu, kwamba mahakama ina mamlaka juu ya kivuli tu, na kwamba anayekataa kuitika hawezi kuhukumiwa wala mali yake haiwezi kuchukuliwa. Leonard aliamini, akachoma leseni yake ya udereva, na kila tarehe 14 Machi alipeleka kwa msajili karatasi yenye alama ya dole gumba lake kwa wino mwekundu, akidai kwamba shamba la baba yake halijawahi kuuzwa kihalali, na kwamba dai hilo litaendelea kuwa hai maadamu yeye hajaitika jina lake mbele ya jaji hata mara moja.

Watu wa imani hiyo walifika mahakamani kwetu mara nyingi, na marehemu aliwaandika wote neno kwa neno, bila kuruka, hata pale mawakili walipokuwa wakisinzia. Jioni moja alirudi nyumbani akaniambia, "Leo nimeandika kurasa arobaini za mtu ambaye hayupo." Hakuwacheka mbele yao. Ni mdogo wake tu ambaye marehemu alimtania, kwa kuwa alimpenda, kwani Leonard alishikilia kwamba bendera ya mahakamani yenye nyuzi za dhahabu pembeni inaonyesha kuwa ile ni mahakama ya bahari, naye marehemu, akimwekea sahani ya bata na kabichi siku ya Jumapili, alimuuliza, "Lenny, bahari iko wapi Nebraska? Hata bwawa la baba lilishakauka." Leonard alimjibu kwamba dada ameandika uongo wa mahakama mpaka vidole vimeota sugu, kisha akanigeukia mimi akasema, "Shemeji Profesa, mwambie mkeo," wakacheka wote wawili, wakala. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Tarehe 9 Februari 2016 marehemu alipimwa baada ya uchovu na michubuko isiyo na sababu, akaonekana ana saratani ya damu. Alitibiwa Omaha, akapata nafuu mwezi Aprili, ugonjwa ukarudi Agosti. Jumatatu tarehe 26 Septemba madaktari walitueleza kwamba dawa zimeutuliza kwa mara ya pili, kwamba utulivu huo ungedumu kwa wiki chache tu, na kwamba tumaini lililobaki ni kupandikizwa uboho ndani ya wiki hizo. Watoto wetu walipopimwa uboho hawakulingana naye kikamilifu. Leonard alilingana naye kabisa, na alipopigiwa simu alisema neno moja tu, kwamba anakuja.

Jumanne tarehe 4 Oktoba, saa moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa njiani kwenda Omaha kutoa uboho, alisimamishwa barabarani kwa sababu pikapu yake ilikuwa na kibao cha namba alichokichora mwenyewe. Hakuwa na leseni, alikataa kutaja jina, akawekwa mahabusu hapa mjini. Kwa kuwa jaji wetu alikuwa akifanya kazi na marehemu, aliletwa Jaji Pettibone kutoka kaunti jirani, ambaye tarehe 5 na tena tarehe 12 Oktoba alimweleza kwa upole kwamba kosa lenyewe ni dogo, kwamba angemwachia siku hiyohiyo, lakini hawezi kumwachia mtu ambaye hajatambuliwa rasmi mbele ya mahakama. Mara zote mbili, alipoulizwa kama ndiye Leonard Sedlacek, alijibu kwamba amekuja kwa niaba ya jina hilo ila yeye si hilo jina, akapinga bendera, akapinga kiti alichopewa, akapinga hata glasi ya maji. Nilikwenda kumwona mahabusu nikamweleza hesabu ya siku zilizobaki. Alilia. Alisema yuko tayari wamchome sindano palepale kwenye selo, wachukue uboho wote wautakao, lakini hawezi kuitika, kwa sababu mzee aliitika.

Jumatano tarehe 19 Oktoba marehemu aliniambia nimpeleke mahakamani. Madaktari walikuwa wamemkataza kukaa penye watu, na mimi nilikataa, jambo ambalo sikuwa na mazoea nalo, naye akavaa koti, akafunga kitambaa kichwani na barakoa usoni, akaenda kukaa ndani ya gari mpaka nilipotoka na funguo. Alikuwa amekaa katika chumba kile miaka ishirini na saba bila kusema neno lake mwenyewe. Siku ile, kabla Leonard hajaulizwa, alisimama penye benchi la nyuma akishika benchi la mbele yake, akamwomba jaji amwapishe, kwa kuwa sheria inaruhusu mtu kutambuliwa na shahidi anayemfahamu, naye anamfahamu. Aliapishwa. Nimeomba nakala ya mwenendo wa shauri lile, na maneno yake ni haya, "Mheshimiwa, huyu ni Leonard James Sedlacek. Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilikuwepo alipopewa jina hilo, na yeye asiulizwe, naomba niulizwe mimi." Jaji alimgeukia Leonard akamuuliza kama anapinga. Nakala inasema, "Mshtakiwa hakujibu." Aliachiwa saa nne na robo.

Ilibaki hati ya ridhaa ya hospitali, ambayo hakuna dada anayeweza kumtilia ndugu yake sahihi. Jumatatu tarehe 24 Oktoba nilikaa na Leonard katika chumba kidogo huko Omaha, ghorofa mbili chini ya wodi ya marehemu, karatasi ikiwa mezani na jina lake kamili limepigwa chapa, na kwa dakika arobaini hakuigusa. Mfukoni alikuwa na kile kikopo cha wino mwekundu wa dole gumba, hakukitoa. Mwishowe aliniuliza, "Shemeji, nikiitia hii sahihi, shamba la mzee limekwisha. Unalijua hilo?" Mimi ni mtu wa vipimo, najua siku na saa shamba lile lilipokwisha, miaka thelathini na moja kabla ya asubuhi ile. Nilimwambia, "Nalijua, Lenny." Akatia sahihi, kwa mwandiko wa shule, jina lake lote, bila kuongeza kitu.

Siku iliyofuata marehemu alianza homa, ikawa nimonia. Leonard alichomwa sindano za maandalizi siku nne mfululizo, na Ijumaa tarehe 28, alipoambiwa kwamba dada yake yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi na huenda asiweze kupokea, alisema waendelee kutoa, wakautoa uboho wake kwa muda wa saa tano. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 30 Oktoba 2016, saa tano na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi mitano na siku ishirini na saba. Alichotolewa mdogo wake hakikumfikia.

Wako ndugu walioniomba nisimtaje Leonard hapa, na wako waliosema mbele ya watoto wangu kwamba ndiye aliyemuua. Nawaheshimu kwa uchungu wao. Daktari niliyemuuliza hakuweza kusema homa ile ilitoka mahakamani, au wodini, au kwenye mikono yangu, na wala hakuweza kusema kwamba zile siku kumi na tano za mahabusu zingebadilisha mwisho. Kazi yangu imenifundisha kwamba si kila kilichotangulia ndicho kilichosababisha, na sitasoma juu ya jeneza la mke wangu jambo ambalo sijui kama ni kweli. Ninachojua ni alichoniambia yeye mwenyewe Alhamisi tarehe 27, kabla ya kuwekewa mashine ya kupumulia, "Harlan, usije ukamwacha Lenny nje."

Kwa hiyo nawashukuru madaktari na wauguzi wa Omaha, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemsuka Zdenka kitambaa kila siku kana kwamba ni nywele. Nawashukuru majirani waliotulishia ng'ombe tangu Februari na akina mama wa parokia walioleta kolache, yale maandazi yetu ya Kicheki, hadi tukakosa pa kuziweka, Jaji Pettibone aliyesafiri kuja leo, na wenzake marehemu wa mahakamani walioacha kiti chake wazi wiki hii. Wa mwisho ninayemshukuru ni Leonard James Sedlacek, aliyempa dada yake vitu vyote viwili alivyokuwa navyo. Namwona amesimama mlangoni. Shemeji, simwombi mtu yeyote hapa akutambue, na wewe huna haja ya kuitika, nimekutaja kwa kuwa wewe ni wa nyumba hii. Pana nafasi benchi la mbele, mkono wangu wa kushoto. Njoo tumzike dada yako.

Zdenka, mke wangu, umeandika maneno ya watu wote, na haya machache nimeyaandika mimi. Kama nimeruka neno, unisamehe. Sasa pumzika, uwe na amani.